Nicolas Appert: mpishi wa Ufaransa aliyefungua njia ya samaki ya mkebe

Ingia ndani ya duka yoyote ndogo, iwe Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Kindu. Karibu na mishumaa na sabuni utaona mikebe ya sardini imepangwa. Duka haina frigo, umeme unaweza kukatika wiki nzima, na ile sardini haina habari. Lakini pale inje, mbele ya mlango, kuna mama ameweka beseni ya ndakala mbichi. Alizipata asubuhi sana, zikingali zinang'aa. Saa sita ya mchana bei imeshaanza kushuka, saa kumi anatafuta mtu wa kumpa hata kwa mkopo, na jioni zenye kubaki ni za kukaanga kwa lazima ao za kutupa. Ile hasara ni yeye anaibeba, kila siku.

Mtu aliyeonyesha kwamba chakula cha kila namna kinaweza kukaa miaka bila kuoza, bila kukijaza chumvi, bila kukikausha wala kukitia moshi, hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa mpishi na mtengenezaji wa vitu vitamu, jina lake Nicolas Appert. Watu wengi wanakula matunda ya kazi yake na hawajawahi kusikia hata jina. Hata vitabu vimemkosea: vingi vinamwita François, na François hakuwa yeye.

Appert alizaliwa tarehe 17 Novemba 1749 katika mji wa Châlons, kwenye jimbo la Champagne, Ufaransa. Baba yake alikuwa na hoteli. Mtoto alikua kati ya jiko na pishi la divai, akijifunza kupika, kutengeneza bia na kuangalia chupa. Jimbo lile njo la divai ya shampanyi, ile yenye gesi, na chupa zake zinatengenezwa nene sana ili zisipasuke. Tukumbuke zile chupa, zitarudi mbele.

Akiwa kijana alienda kupika katika nyumba ya mtawala wa Zweibrücken, fasi ambayo leo iko Ujerumani, na mtawala alipokufa akabaki kumpikia mjane wake. Mwaka 1784 akarudi Ufaransa, akafungua duka Paris, kwenye barabara ya Lombards, anauza bombo na matunda yaliyohifadhiwa ndani ya sukari. Biashara ilitembea vizuri. Lakini kuna kitu kilimsumbua. Tunda ukilipika na sukari nyingi, mwisho ni sukari unakula. Nyama ukiitia chumvi ya kukaa mwaka, mwisho ni chumvi unakula. Samaki ya kukaushwa inakuwa kitu kingine kabisa. Appert alitaka chakula kibaki na ladha yake, kama siku kilipotoka shambani ao majini.

Mapinduzi ya 1789 yalimkuta pale Paris. Aliyapokea kwa moyo wote, akawa mmoja wa viongozi wa kamati ya mtaa wake. Tunajua namna siasa inavyogeuka. Mwezi wa Aprili 1794, wakati watu walikuwa wanapelekwa kukatwa kichwa kwa neno dogo tu, yeye pia alikamatwa. Alikaa gerezani kama miezi mitatu. Wengi walioingia siku zile walitoka kwenda kwenye ile mashine ya kukata shingo. Yeye alitoka mzima. Na baada ya pale alijitenga na makelele ya siasa za Paris, akahamia Ivry, kijiji cha karibu, akaanza kushindana na chakula kinachooza.

Mwaka 1802 alinunua uwanja katika Massy, kusini ya Paris, akajenga kiwanda. Aliajiri makumi ya wafanyakazi, wengi wao wanawake. Na alipanda mboga palepale, juu alishaelewa jambo moja ambalo wachuuzi wetu wa samaki wanalijua vizuri kuliko profesa yeyote: kitu kinaanza kuharibika dakika kinapotolewa fasi yake. Njegere za Massy zilichumwa, zikachambuliwa na kuingizwa ndani ya chupa bila kulala. Njegere za soko, zenye kusafiri ndani ya gunia siku mbili, hakuzitaka.

Sasa tuingie jikoni kwake, kwa maana pale njo kuna utajiri wa habari yenyewe.

Alichukua chupa nene kama zile za nyumbani kwao Champagne, lakini akaagiza zenye mdomo mpana ili nyama na mboga ziingie. Akajaza chakula, akibakisha nafasi kidogo juu. Kisha kizibo. Hapa alipoteza miaka, kwa kuwa kizibo kibaya kinaua kazi yote. Koki, lile ganda la mti ambalo wanatengeneza nalo vizibo, ina matundu madogo yanayopitisha hewa. Appert alikata koki vipande vitatu ao vine, akavigeuza ili matundu yasielekee juu, na akavishikanisha kwa gundi ya samaki, ile inayotengenezwa na kibofu cha hewa cha samaki. Kwa hiyo samaki ilikuwa ndani ya kazi yake tangu mwanzo, hata siku alipokuwa anafunga njegere. Kizibo alikipiga kwa nyundo ya mti, akakifunga kwa waya, na kwa chupa kubwa akapakaa juu mchanganyiko wa chokaa na jibini isiyo na mafuta, unaokauka na kuwa mgumu kama sima.

Kila chupa akaivalisha mfuko wa kitambaa kinene. Juu ya nini? Juu chupa zilikuwa zinapasuka, na vipande vya kioo vingejaa ndani ya sufuria na kukata mikono ya wamama. Akazipanga ndani ya sufuria kubwa ya maji baridi, akafunika, akawasha moto mpaka maji yachemke. Kila chakula kilikuwa na muda wake: kimoja kinamaliza upesi, kingine kinadai saa nzima na zaidi. Akazima moto, akaacha vipoe polepole.

Ukisoma hivi unaweza kusema: ni hivyo tu? Ndiyo, ni hivyo tu. Lakini ile orodha ya muda, chakula kwa chakula, ilimgharimu zaidi ya miaka kumi, pesa zake na chupa zisizo na hesabu.

Jeshi la maji la Ufaransa ndilo lilikuwa na shida kubwa zaidi. Baharia wa wakati ule alikula biskuti ngumu na nyama ya chumvi miezi na miezi, na magonjwa ya kukosa chakula kibichi yaliwaua wengi. Mwaka 1803 vyakula vya Appert vilijaribiwa kwenye bandari ya Brest. Baada ya miezi mitatu chupa zikafunguliwa: mchuzi ulikuwa mzuri, na njegere na maharagwe mabichi yalikuwa na ladha kama ya msimu wake. Lakini katika maonyesho makubwa ya viwanda ya mwaka 1806, Paris, wakubwa wa jury walipita mbele ya meza yake na hawakumpa zawadi yoyote.

Hapa tusahihishe kitu kimoja. Inasimuliwa mara nyingi kwamba Napoleon alitangaza konkuri mwaka 1795, Appert akashinda. Mwaka 1795 Napoleon alikuwa jenerali tu, hakuwa na uwezo wa kutangaza konkuri ya namna ile. Kilichotokea ni hiki: kundi la wataalamu wa kuendeleza viwanda lilichunguza chupa zake mwaka 1809 na kutoa ripoti nzuri. Mwezi wa Januari 1810, minisita wa mambo ya ndani, Montalivet, akamwandikia. Serikali itampa franka 12 000. Lakini aandike siri yake yote ndani ya kitabu, akichape kwa pesa zake, na alete nakala 200 kwa serikali.

Fikiria vizuri ule mzani. Angeweza kuchukua hati ya uvumbuzi, akafunga mlango na kulipisha kila mtu anayetaka kutumia njia yake. Ao angeweza kuchukua zile franka na kuacha dunia nzima isome. Alikuwa na madeni, na umri wake ulikuwa miaka 60. Alichagua kitabu. Kikatoka mwezi wa Juni 1810, kimeandikwa kwa lugha nyepesi, kwa ajili ya mtu yeyote mwenye jiko. Wengine wanasema alifanya ujinga. Mimi sioni hivyo, lakini bei aliyolipa ilikuwa kubwa kweli.

Hazikupita hata miezi mitatu. Tarehe 25 Agosti 1810, mfanyabiashara wa London jina lake Peter Durand akapewa hati na mfalme wa Uingereza juu ya njia ileile, akiongeza kwamba chombo kinaweza kuwa cha bati. Durand mwenyewe alikubali kwamba wazo amelipata kwa mtu wa inchi ya kigeni. Hati ile ikauzwa kwa Bryan Donkin, ambaye pamoja na wenzake alifungua kiwanda upande wa Bermondsey, London, na kufikia 1813 mikebe yao ilikuwa inaingia ndani ya meli za Waingereza. Bati haipasuki, ni nyepesi, inapakiwa vizuri. Kasoro yake ni kwamba mkebe wa kwanza ulifunguliwa kwa patasi na nyundo, na kifungulio chenyewe kilikuja karibu miaka 45 baadaye. Appert alifika London mwaka 1814 akajionea: wale waliosoma kitabu chake walikuwa wamemtangulia.

Na nyumbani, vita. Napoleon aliposhindwa, majeshi ya inchi zilizomshinda yaliingia mpaka karibu na Paris, na Massy ilikuwa njiani. Kiwanda kilivamiwa na kuharibiwa. Huku kwetu hakuna haja ya kueleza sana hiyo maana yake. Mtu amejenga miaka 12, na katika majuma machache anabaki na kuta. Appert akaanza tena Paris, katika jengo ambalo serikali ilimwazima, akajifunza kazi ya mikebe ya bati, akaendelea kutafuta. Mwaka 1822 lile kundi la kuendeleza viwanda likampa jina la heshima la mfadhili wa wanadamu. Jina zuri, lakini halilipi madeni. Miaka michache nyuma serikali ikachukua tena lile jengo, mzee akatafuta fasi nyingine.

Wakati huohuo, magharibi ya Ufaransa, kwenye mji wa Nantes, njia yake ilikutana na samaki. Pwani ile ilikuwa na sardini nyingi sana kila kiangazi, na sardini ni samaki ya mafuta inayooza upesi kuliko nyingi. Watu waliikaanga na kuihifadhi ndani ya vyungu vya udongo, chini ya siagi ao mafuta. Ilikaa muda fulani, lakini si mwaka. Mtengenezaji wa vitu vitamu wa pale, Joseph Colin, mtu wa kazi kama ya Appert, mwaka 1824 alifungua kiwanda cha kuweka sardini ndani ya mikebe ya bati kwa njia ya Appert. Kichwa na utumbo vinatolewa, samaki inalala kidogo ndani ya chumvi, inaoshwa, inakaushwa kwa upepo, inakaangwa ndani ya mafuta, inapangwa ndani ya mkebe. Mkebe unajazwa mafuta, kifuniko kinachomelewa kwa mkono, na mwisho ni yale maji ya kuchemka ya Appert. Kabla karne haijaisha, pwani ya Bretagne ilikuwa na zaidi ya viwanda mia moja vya namna ile. Mashua zikirudi, hata usiku, wanawake wa Douarnenez na Concarneau waliitwa mara moja waje kazini. Sardini haingojei asubuhi.

Ile haraka haikuwa tabia mbaya ya mabosi tu. Samaki kama sardini, makaro na toni zikikaa kwenye joto, vijidudu vinatengeneza ndani yake sumu inayoitwa histamini. Mtu akiila, uso unawaka, ngozi inajaa vipele, kichwa kinauma. Na moto hauiondoi. Unaweza kuchemsha mkebe saa tatu, vijidudu vyote vikafa, histamini itabaki pale. Njo maana samaki iliyoanza kuharibika haiponeshwi na mkebe. Kiwanda kinafunga ubora ambao samaki ilikuja nao.

Kwa hiyo joto la Appert lilikuwa linamngojea mwenzake, baridi. Barafu iliyosagwa, ikipangwa tabaka moja ya barafu na tabaka moja ya samaki, inashikilia samaki karibu na digri 0 muda wote ambao barafu inayeyuka. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu, na ule usingizi unampa mvuvi siku kadhaa pahali pa saa chache. Maji ya barafu iliyoyeyuka yanatakiwa yapate njia ya kutoka, maana samaki ikilala ndani ya yale maji machafu kazi imepotea. Baridi ya mashine ilikuja nyuma, na Mfaransa mwingine, Charles Tellier, ndiye aliyetuma meli yenye vyumba vya baridi kutoka Rouen mpaka Buenos Aires mwaka 1876, na nyama ndani. Siku 105. Tellier naye alikufa maskini, mwaka 1913. Sijui Ufaransa ilikuwa na nini na watu wake wa kuhifadhi chakula.

Jambo la kushangaza zaidi katika maisha ya Appert ni kwamba hakujua juu ya nini njia yake inafaulu. Hakuna aliyejua. Mwanasayansi mkubwa Gay-Lussac alichunguza chupa zake, akasema siri ni kukosa oksijeni. Alikosea, na makosa yake yaliaminiwa miaka mingi. Ilibidi kungoja Louis Pasteur, miaka ya 1860, aonyeshe kwamba kuoza ni kazi ya vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, moto unaviua, na kizibo kinazuia vingine kuingia. Pasteur mwenyewe alikubali kwamba Appert alikuwa ametangulia njiani.

Kutojua huko kulikuwa na hatari. Kuna kijidudu chenye mbegu ngumu ambazo maji ya kuchemka, digri 100, hayaziui. Zinalala, na ndani ya mkebe usio na hewa zinaamka na kutoa sumu ya botulizimu, inayolegeza mwili mpaka pumzi inakatika. Kwa samaki na nyama inahitajika kama digri 121, na joto hilo hulipati ndani ya sufuria ya kawaida; inatakiwa chungu cha presha. Mwaka 1852 ni Raymond Chevallier-Appert, mtu wa nyumba ileile ya biashara, aliyechukua hati ya chungu cha presha chenye saa ya kupimia. Hivyo, mama ao kijana anayefikiria kufunga sambaza zake ndani ya chupa na kuzichemsha kwenye makaa ili auze, tafadhali aache kwanza: bila kifaa cha presha anaweza kuua watu. Na mkebe wowote wa duka uliovimba, unaovuja ao unaorusha maji ukitobolewa, utupwe mbali na watoto, mbali na mbwa pia. Wachuuzi wengine wanaupunguzia bei. Hakuna bei ndogo pale.

Tumrudie mzee. Mwaka 1836, akiwa na miaka 86, aliacha kazi na kurudi Massy. Serikali ilimpa pensheni ndogo, ya kuishi tu. Alikuwa peke yake. Chupa zake na mikebe iliyotokana nazo zilikuwa tayari ndani ya meli za mataifa mengi, na wenye viwanda wa Nantes na London walikuwa wanajenga nyumba kubwa. Alikufa tarehe 1 Juni 1841, na miaka 91. Pesa ya kaburi hazikupatikana, wakamzika ndani ya shimo la pamoja, lile la maskini wa mji.

Leo wanafunzi wa mambo ya chakula, hata kwenye vyuo vyetu, wanakutana na neno la Kifaransa lililotengenezwa na jina lake, lenye maana ya kuhifadhi kwa moto ndani ya chombo kilichofungwa. Paris kuna barabara ndogo inayoitwa Nicolas Appert. Kule Massy, hakuna anayeweza kukuonyesha fasi alipolala.